Bahasha ya Kaki

Anayeishi Wazo na kutibiwa hospitali ya jeshi ya Lugalo huijua barabara ya Bagamoyo kwa vituo vyake. Tegeta Kibaoni, Tegeta Nyuki, Mtongani, Africana, Tangi Bovu, kisha konda anagonga bati na kuita Lugalo. Asubuhi, miongoni mwa wanaoshuka hapo hawakosi wazee wa namna moja: shati limenyooshwa kwa pasi, mkanda umekazwa juu ya kitovu, viatu vinang'aa kiwi japo soli imelika upande. Mkononi wameshika bahasha ya kaki. Ndani yake mna barua ya kustaafu, kitambulisho, picha ndogo mbili tatu, nakala ya kadi ya benki. Bahasha ya mjane huwa nene zaidi, kwa kuwa anabeba pia cheti cha ndoa, cheti cha kifo na karatasi za mirathi kutoka mahakama ya mwanzo. Wengine wamezitia karatasi hizo kwenye nailoni, maana mvua ya masika haimjui mstaafu.

Mzee anaweza kusahau tarehe aliyojeruhiwa, lakini bahasha haisahau. Ukifuata historia ya mafao ya askari katika nchi hii, kutoka enzi za Mdachi mpaka leo, utakuta karatasi ndiyo iliyoamua mengi kuliko bunduki. Aliyekuwa nayo alipata chochote, hata kama kidogo. Asiyekuwa nayo alibaki na hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Tuanzie huko kwa Mdachi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500. Walilipwa kwa rupia, na kwa kipimo cha wakati ule walilipwa vizuri. Askari alikuwa mtu wa kuogopwa, mwenye nyumba na watumishi. Mambo yaliharibika vita iliporefuka. Miaka ya mwisho jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa likikimbizana na Waingereza kutoka kusini mwa Tanganyika hadi Msumbiji na Rhodesia, bila hazina wala kituo. Mishahara ikageuka ahadi. Waliposalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, askari zaidi ya 1,100 waliokuwa wamebaki walikuwa wanaidai serikali ambayo yenyewe ilikuwa imekwisha kuanguka. Mfalme wao wa Ujerumani alikuwa amekimbilia Uholanzi wiki mbili kabla.

Miongoni mwa wengine walioidai serikali hiyo alikuwa mtoto wa Dar es Salaam. Alizaliwa hapa tarehe 22 Februari 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baadaye Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Mdachi mwenye asili ya Sudani, na vita ilipofika mtoto naye akaingizwa jeshini, umri wa miaka kumi. Alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Vita ilipokwisha alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akateremka Ujerumani akaenda moja kwa moja kwenye Wizara ya Mambo ya Nje mjini Berlin. Alitaka mshahara wake na wa baba yake uliobaki tangu vita.

Akaambiwa amechelewa. Miaka ya 1920 serikali ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kulipa malimbikizo kwa askari wa Tanganyika waliojitokeza, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin akawa mhudumu wa mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Aliomba pia nishani ya wapiganaji wa vita, ile waliyopewa Wajerumani wenzake. Akanyimwa. Basi akaenda kuinunua dukani, akaivaa. Mwaka 1941 alikamatwa na utawala wa Wanazi kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akatupwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya miguu mjini Berlin, mbele ya mahali alipoishi. Kwa hiyo Ujerumani ilimlipa mwana huyu wa Dar es Salaam jiwe moja, dogo kama kiganja.

Wenzake waliobaki nyumbani walisubiri zaidi. Mwaka 1964, mwaka aliokufa von Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani Magharibi lilitenga fedha kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu malipo hayo, na wanahistoria wamekirudia mara nyingi. Afisa wa benki alifungua ofisi ya muda Mwanza, wakaja wazee kama 350. Wachache tu walikuwa na vile vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare. Wengi hawakuwa na kitu. Yule afisa akachukua ufagio, akawa anampa kila mzee na kumwamuru kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha, toa heshima. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Kisa hiki huenda kimeongezwa chumvi njiani, lakini kimedumu kwa sababu kila anayekisikia Tanzania anaelewa mara moja shida ilikuwa nini: mzee anadai, karatasi haipo.

Na hao walikuwa askari. Waliobeba mizigo yao hawakuulizwa hata ufagio.

Upande wa Waingereza peke yake, vita ile ilitumia wapagazi karibu milioni moja kutoka Afrika Mashariki na kwingineko. Waliofariki kwa hesabu rasmi ni zaidi ya 95,000, wengi wao si kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na mjini Dar es Salaam kilipiga kambi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamepanga soko. Ulimi wa Mswahili ukalisaga jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa wenye asili hiyo hiyo, Kariokor. Kila siku maelfu ya watu huenda kununua vitenge, mchele na simu kwenye jina la kikosi cha wapagazi, na ni wachache wanaolijua.

Mpagazi aliandikwa kwa namba, na mara nyingi jina lake lilikosewa, au lilikuwa la kijiji, au la jumbe aliyemtoa. Alipokufa porini, mshahara wake ulibaki kwenye daftari bila mtu wa kuudai, kwa kuwa nyumbani kwao hakuna aliyejua namba yake. Fikiria mama wa Songea mwaka 1919 anakwenda kumwuliza Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, habari za mwanawe. Angeanzia wapi?

Ukitoka Lugalo ukaendelea mjini, ukapita Mwenge na Makumbusho, barabara hiyo hiyo ya Bagamoyo inakupitisha Kinondoni kwenye makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu. Ya kwanza yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka upande wa Ocean Road, na sasa yana zaidi ya marehemu 1,700 wa Vita ya Kwanza. Kwa macho ya mpita njia, hawa ndio waliokufa. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilitoa ripoti ikakiri yenyewe: watu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri waliofia dola ya Uingereza, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Miaka zaidi ya mia imepita. Hakuna mjane aliyekuwa hai kuisikia radhi hiyo.

Walichopewa Waafrika kwa pamoja ni sanamu. Ile ya Askari, kati ya Mtaa wa Samora na Azikiwe, ilizinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa walipoutwaa mji. Maandishi yake ni ya lugha tatu: Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Inasifiwa kwa uzuri, na inastahili. Lakini sanamu haihitaji bajeti ya kila mwezi, na hilo ndilo lililoifanya ipendwe na serikali ya kikoloni kuliko pensheni.

Vita ya Pili ilikuta watu wamejifunza kidogo. Watanganyika takriban 87,000 walichukuliwa jeshini, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma katika jeshi ambalo Waswahili waliliita Keya, kwa kuzitamka herufi za KAR, yaani King's African Rifles. Safari hii karatasi zilikuwepo: namba, kitabu cha mshahara, cheti cha kuachishwa. Lakini karatasi zenyewe zilikuwa na rangi. Askari mzungu wa cheo cha chini kutoka makoloni haya alipewa kiinua mgongo cha shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi. Mwafrika wa cheo hicho hicho alipewa shilingi 3 na senti 50. Piga hesabu ya miaka minne: mmoja anaondoka na shilingi 480, mwenzake 168. Na hapo hatujataja mshahara, ambao tangu mwanzo haukulingana.

(Neno kiinua mgongo lina ladha yake. Ni kile kinachomwinua mtu aliyekuwa ameinama kazini. Kwa shilingi 168, mgongo uliinuka nusu.)

Mambo hayakuwa hivyo hapa tu. Tarehe 1 Desemba 1944, kambi ya Thiaroye nchini Senegali, askari Waafrika waliotoka kuipigania Ufaransa walidai malimbikizo yao, na jeshi la Ufaransa likawapiga risasi. Mwaka huo huo Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha askari wake na kuwakopesha fedha za nyumba, ingawa weusi wengi wa huko nao waliishia kuiona sheria hiyo kwa mbali. Tanganyika hapakuwa na risasi wala nyumba. Palikuwa na tiketi ya kurudi kijijini.

Wapo waliokataa kurudi kijijini kimya kimya. Ukoo wa Sykes wa Dar es Salaam unabeba historia hii yote katika vizazi vitatu. Babu, Sykes Mbuwane, alikuja kutoka Msumbiji na jeshi la Wissmann. Mwanawe Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, alipigana chini ya von Lettow-Vorbeck, kisha mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association. Wajukuu, Abdulwahid na mdogo wake Ally, walikwenda Burma na Keya. Abdulwahid aliporudi alikuwa katibu wa chama cha makuli wa bandarini, halafu kiongozi wa TAA, ile African Association kwa jina jipya, kabla Julius Nyerere hajachukua uongozi mwaka 1953, na mwaka uliofuata TAA ikazaa TANU. Kazi yake ya kuajiriwa? Alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Mtoto wa askari, askari yeye mwenyewe, anasimamia soko lililobeba jina la wapagazi wasiolipwa. Mtunzi wa riwaya angeambiwa amezidisha.

Wale wengine wa Burma walijikusanya katika Legion, chama cha askari wa zamani kilichoendelea mpaka baada ya uhuru kwa jina la Tanzania Legion. Kilikuwa mahali pa kukutana, kuzikana na kuombeana msaada. Msaada wa kweli kutoka London ulichelewa mno. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 kwa askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao walioishi katika umaskini, ili wapate walau milo miwili kwa siku. Aliyekuwa na miaka 20 huko Burma mwaka 1944 alikuwa na miaka 94.

Sasa turudi Lugalo, maana jina la kituo hicho nalo lina kisa. Waingereza waliiita kambi ya jeshi ya hapo Colito, kwa heshima ya mapigano ya Mei 1941 nchini Ethiopia ambamo kikosi cha Tanganyika cha Keya kilishiriki. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles wa Colito waliasi. Madai yao yalikuwa mawili: maofisa wa Kiingereza waondoke, na mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 hadi 260 kwa mwezi. Miaka miwili ya uhuru ilikuwa imepita na hesabu za Keya zilikuwa bado ndizo zinazotumika. Nyerere, kwa aibu aliyoikiri hadharani, aliita Waingereza kuwanyang'anya silaha, na tarehe 25 makomandoo walishuka kutoka manowari Centaur wakaimaliza kazi asubuhi moja. Jeshi lote likavunjwa. Ndiyo kusema mwaka 1964 ulikuwa na vituko viwili: Bonn ilikuwa inawatafuta askari wake wa 1918 iwalipe, na Dar es Salaam ilikuwa inawafukuza wa kwake.

Jeshi jipya, JWTZ, lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964. Kambi ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Mwaka 1966 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taifa, na chini yake kanuni za pensheni na kiinua mgongo cha wanajeshi. Hapo ndipo bahasha ya kaki ya leo ilipoanzia. Kwa mara ya kwanza askari wa nchi hii alikuwa na haki iliyoandikwa na nchi yake, inayolipwa na Hazina, pamoja na hospitali ya jeshi inayomhudumia akiwa kazini na baada ya kustaafu.

Haki hiyo ilipimwa upesi. Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 liliongezwa mpaka likapita laki moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo walikuwa mgambo: wakulima, walimu, makarani waliopewa mafunzo ya haraka na bunduki. Walivuka Mutukula Januari 1979, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Waliporudi, Nyerere alikuwa amewaomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Gharama ya vita ilikadiriwa kuwa dola milioni 500, na maduka yalikuwa tupu. Askari wa kudumu waliendelea na utumishi, na wakati wao ulipofika wakastaafu na barua zao. Mgambo wengi walirudi walikotoka. Kanuni za pensheni zinahesabu miaka ya utumishi, na miezi minane ya mstari wa mbele haifiki popote katika hesabu hiyo. Swali la hawa wazee limerudi bungeni kila baada ya muda, na linarudi kwa sababu halijaisha.

Waliokufa walitunzwa vizuri zaidi. Kaboya, wilayani Muleba, wamelazwa mashujaa zaidi ya 600 wa vita ile, kila mmoja na kaburi lake na jina lake. Ukilinganisha na wapagazi wa 1917, tofauti ni kubwa, na ni ya kujivunia.

Kwa walio hai, vita ikahamia kwenye tarakimu. Kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilikuwa shilingi 50,114 kwa mwezi mpaka Julai 2015, kilipopandishwa kuwa 100,125. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa kuwa PSSSF, na nchi nzima ikazungumzia kikokotoo cha mafao mpaka Rais Magufuli akakisimamisha mwezi Desemba, wanajeshi walikaa pembeni, kwa kuwa mafao yao hayapitii huko. Kinachowahusu wao ni uhakiki. Tangazo likitoka, mstaafu lazima ajitokeze mwenyewe na bahasha yake athibitishe kwamba yu hai. Serikali ina sababu: mishahara na pensheni za marehemu zimewahi kuliwa na walio hai. Lakini mzee wa miaka 80 mwenye risasi ya vita ya Kagera kwenye nyonga, akipangiwa foleni kuthibitisha kuwa hajafa, ana haki ya kutabasamu vibaya.

Ndiyo maana wastaafu wenyewe wameunda umoja wao, MUWAWATA, wa kusemeana. Wengine walikwisha jisemea zamani kwa tofali. Kati ya Salasala, Wazo na Bunju ziko nyumba zilizoanza na kiinua mgongo: kiwanja kilinunuliwa kukiwa bado na mikorosho, msingi ukamwagwa kwa saruji ya kiwanda kilichoko kilimani hapo hapo Wazo, ukuta ukasubiri miaka. Vyumba viwili vya uani hupangishwa. Kodi ya wapangaji, kwa wengi, ndiyo pensheni ya pili.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale. Askari mkongwe huweka shoka. Kwa miaka mingi sherehe hii ilifanyika Mnazi Mmoja, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na shoka likawekwa na wazee wa Burma. Zamu ya kulishika sasa ni ya watu wa Kagera. Kijana aliyevuka Mutukula akiwa na miaka 18 alizaliwa karibu na mwaka wa uhuru. Wengi waliomzidi umri wamekwisha zikwa. Mwenye baba au babu aliyekuwa mgambo wa 1979 amkalishe chini wiki hii, aandike jina la kikosi, la kamanda na la kijiji alichotoka, na kama kuna cheti au picha kwenye sanduku, aitolee nakala kabla mchwa hawajaifikia. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa, Upanga.